Kutoka Vumbi hadi Kirutubisho: Historia ya Ujuzi wa Kemia ya Chuma katika Chembe za Angani juu ya Bahari, 1832–2021

Utangulizi

Chuma ni miongoni mwa elementi zilizo nyingi zaidi duniani. Katika gamba la nje la dunia kinashika nafasi ya nne kwa wingi, baada ya oksijeni, silikoni na alumini. Hata hivyo, katika maji ya juu ya bahari yaliyo mbali na pwani, chuma kilichoyeyuka ni haba mno. Katika sehemu kadhaa za Pasifiki na Bahari ya Kusini kiwango chake huwa chini ya nanomoli 0.1 katika kilo moja ya maji, yaani gramu sita hivi katika tani milioni moja. Kiasi hicho kidogo ndicho kinachoamua ni wapi fitoplanktoni, yaani vimea vidogo sana vinavyoelea majini, vitastawi, na ni wapi vitadhoofu ingawa virutubisho vingine vipo kwa wingi.

Kwa kuwa mito huacha sehemu kubwa ya chuma chake karibu na pwani, maji ya juu ya bahari ya mbali hutegemea kwa kiasi kikubwa chuma kinacholetwa na upepo. Makala haya yanafuatilia jinsi ujuzi kuhusu chuma hicho ulivyojengeka tangu karne ya 19. Hoja inayotetewa ni kwamba historia hiyo ni ya kutofautisha mambo mawili yaliyochanganywa kwa muda mrefu: wingi wa chuma kilichopo, na kiasi cha chuma ambacho kiumbe hai kinaweza kukitumia. Kila mara watafiti walipoyachukulia mambo hayo mawili kuwa kitu kimoja, hitimisho lao lililazimika kurekebishwa baadaye. Tofauti hiyo haikupatikana kwa kuchunguza bahari peke yake. Ilipatikana pale mabadiliko yanayolipata vumbi likiwa safarini angani yalipoanza kuchunguzwa. Suala hili lina uzito hadi leo, kwa sababu juu yake yamejengwa mapendekezo ya kumwaga chuma baharini ili kupunguza joto la dunia.

Vumbi kama Suala la Jiolojia

Tarehe 16 Januari 1832 meli ya Beagle ilitia nanga katika kisiwa cha Santiago, Kepuvede. Charles Darwin aliona kwamba hewa ilikuwa na ukungu uliosababishwa na vumbi laini sana la rangi ya kahawia, na akakusanya sampuli yake. Mwaka 1846 alichapisha makala kuhusu vumbi linaloangukia meli katika Bahari ya Atlantiki, akikusanya pia taarifa za mabaharia wengine waliolikuta mamia ya maili kutoka pwani ya Afrika. Sampuli zilichunguzwa kwa hadubini mjini Berlin na Christian Gottfried Ehrenberg, ambaye alitambua ndani yake aina 67 za maumbo ya viumbe, nyingi zikiwa mabaki ya viumbe vya maji baridi.

Maswali yaliyoulizwa wakati huo yalikuwa ya jiolojia na biolojia. Vumbi limetoka wapi? Upepo unaweza kubeba chembe ya ukubwa gani, na kwa umbali gani? Je, mbegu za mimea isiyotoa maua zinaweza kusambaa kwa njia hiyo? Rangi nyekundu au ya kahawia ya vumbi ilijulikana kutokana na oksidi za chuma, lakini hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza kama chuma hicho kina faida yoyote kwa maji yanayolipokea. Vumbi lilionekana kuwa ushahidi wa nguvu ya upepo na chanzo cha matope ya chini ya bahari. Mtazamo huo ulidumu kwa takriban miaka mia moja.

Swali la Chuma na Kosa la Kipimo

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 swali jipya lilijitokeza kutoka upande wa biolojia ya bahari. Mwaka 1931 mtafiti wa Norway, Haaken Hasberg Gran, alipendekeza kwamba uhaba wa chuma unaweza kuzuia ukuaji wa fitoplanktoni. Mwaka 1934 T. J. Hart, aliyefanya kazi katika uchunguzi wa Uingereza wa bahari zinazoizunguka Antaktika, alikitaja chuma kuwa miongoni mwa sababu zinazoweza kueleza kwa nini maji yenye naitreti na fosfeti nyingi hayazalishi kiasi cha vimea kinachotarajiwa. Mwaka 1937 H. W. Harvey wa Plymouth aliandika makala mahususi kuhusu upatikanaji wa chuma kwa diatomu. Aligundua tatizo la msingi: katika maji ya bahari, ambayo ni alkali kidogo na yenye oksijeni, chuma halisi kilichoyeyuka kingepaswa kuwa kidogo sana, kwa kuwa chuma(III) hugeuka haraka kuwa haidroksidi isiyoyeyuka.

Mawazo hayo hayakuendelezwa ipasavyo kwa karibu nusu karne. Sababu kubwa ilikuwa ya kiufundi. Sampuli za maji zilichotwa kwa vyombo vilivyoshushwa kwa nyaya za chuma, kutoka kwenye meli za chuma, zikahifadhiwa katika chupa na kupimwa kwa kemikali ambazo zenyewe zilikuwa na chuma. Matokeo yalionyesha viwango vilivyozidi vile vya kweli kwa mamia ya mara, na wakati mwingine zaidi. Yeyote aliyeyasoma majedwali hayo alikuwa na haki ya kuamini kwamba bahari ina chuma cha kutosha. Kilichopimwa, kwa hakika, kilikuwa kwa sehemu kubwa kutu ya meli.

Njia ya kuondokana na kosa hilo ilitoka katika utafiti wa elementi nyingine. Clair Patterson wa Taasisi ya Teknolojia ya California, aliyekuwa akipima risasi ili kukadiria umri wa dunia na baadaye kuchunguza uchafuzi wa mazingira, alionyesha kwamba vipimo vya viwango vidogo vya metali havina maana bila maabara safi, hewa iliyochujwa na vyombo vilivyooshwa kwa asidi. Katika miaka ya 1970 Kenneth Bruland na wenzake walitumia taratibu za aina hiyo kwa metali mbalimbali za baharini. Miaka ya 1980 John Martin na kikundi chake cha Moss Landing, California, walizitumia kwa chuma, wakichota maji kwa chupa zilizopakwa tefloni na kamba zisizo na metali. Mwaka 1988 Martin na Michael Gordon walichapisha vipimo vya Pasifiki ya kaskazini-mashariki, na ndipo ilipobainika jinsi chuma kilivyo haba katika maji ya juu.

Nadharia ya Chuma

Mwaka huohuo wa 1988 Martin na Steve Fitzwater walitoa taarifa ya jaribio lililofanywa kwa maji ya Ghuba ya Alaska. Chupa zilizoongezewa kiasi kidogo cha chuma zilionyesha ukuaji mkubwa wa fitoplanktoni kuliko zile zisizoongezewa. Mwaka 1990 Martin aliunganisha matokeo hayo na taarifa za barafu ya kale iliyochimbwa Vostok, Antaktika. Barafu hiyo ilikuwa imeonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja: katika kilele cha enzi ya barafu, kaboni dayoksaidi angani ilishuka chini ya sehemu 200 kwa milioni, ilhali katika vipindi vya joto ilifikia takriban 280, na wakati huohuo wa baridi vumbi liliongezeka sana. Martin alikadiria kwamba chuma kilichofikishwa na vumbi wakati huo kilikuwa mara 50 ya kile cha sasa. Alihitimisha kwamba vumbi lilirutubisha Bahari ya Kusini, fitoplanktoni zikastawi, na kaboni ikavutwa kutoka angani kwenda vilindini.

Nadharia hiyo ilipingwa mapema. Mwaka 1990 Karl Banse alihoji kama chuma ndicho kweli kinachozuia uzalishaji katika Pasifiki ya kaskazini. Wakosoaji walieleza pia kwamba chupa huwatenga wanyama wakubwa wanaokula vimea, hivyo ukuaji unaoonekana ndani yake hauwezi kuchukuliwa kuwa ndio utakaotokea baharini. Kulikuwa na ugumu mwingine ambao haukuzungumzwa sana mwanzoni: tofauti kati ya chuma cha chupani na chuma cha vumbi. Katika jaribio, chuma huongezwa kikiwa tayari kimeyeyushwa. Katika vumbi, kimefungwa ndani ya madini ya udongo au kipo katika umbo la oksidi. Mara 50 ya vumbi haimaanishi mara 50 ya chakula, mpaka ijulikane ni sehemu gani ya chuma hicho inayeyuka.

Kilichotokea Angani

Jibu la swali hilo lilihitaji wanakemia wa angahewa, ambao walikuwa wamekwisha kukusanya taarifa nyingi kwa malengo tofauti. Joseph Prospero wa Chuo Kikuu cha Miami alianza kupima vumbi la Sahara katika kisiwa cha Barbados mwaka 1965, na vipimo hivyo vikaendelea kwa miongo mingi. Robert Duce na wenzake waliweka vituo katika visiwa vya Pasifiki, na mwaka 1980 walionyesha kwamba vumbi kutoka Asia hufika hadi Enewetak, na kwamba wingi wake hubadilika kwa majira. Mwaka 1991 Duce na Neil Tindale walitoa tathmini ya chuma kinachosafirishwa kwa hewa hadi baharini duniani kote. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2005 na Timothy Jickells na wenzake yaliweka jumla ya vumbi linaloangukia bahari kuwa takriban tani milioni 450 kwa mwaka. Kwa kuwa chuma ni takriban asilimia 3.5 ya uzito wa vumbi, jumla yake inakaribia tani milioni 16.

Takwimu hizo ni kubwa, lakini sehemu inayoyeyuka ndiyo yenye uamuzi, na sehemu hiyo haikuwa moja kila mahali. Udongo wa jangwani uliochukuliwa moja kwa moja kutoka ardhini huachia kwa kawaida chini ya asilimia 1 ya chuma chake. Chembe zilizokusanywa mbali baharini zilitoa viwango vya juu zaidi, wakati mwingine mara kumi au zaidi. Jambo hilo lilionyesha kwamba kati ya jangwa na bahari kuna kitu kinacholibadilisha vumbi.

Mwaka 1992 Guoshun Zhuang, Duce na wenzao walitangaza kwamba sehemu kubwa ya chuma katika chembe za anga ya bahari ya mbali ilikuwa chuma(II), umbo linaloyeyuka kwa urahisi kuliko chuma(III) cha udongo. Maelezo yao yaliunganisha chuma na salfa. Chembe ya vumbi ikiwa angani hufunikwa na tabaka jembamba la maji. Salfa dayoksaidi hugeuka kuwa asidi ya salfuriki katika tabaka hilo, na oksidi za naitrojeni hutoa asidi ya nitriki. Chembe huingia katika wingu na kutoka mara nyingi. Kila maji yanapokauka, asidi hubaki imekolea, na chembe yenye unyevu mdogo inaweza kuwa na asidi kali kuliko tone la mvua. Asidi huanza kula uso wa madini. Mwanga wa jua, ukisaidiwa na viambata vya kikaboni kama oksaleti, huipatia chuma(III) elektroni na kuigeuza kuwa chuma(II). Watafiti hao walipendekeza hata mzunguko unaojiimarisha: chuma hustawisha fitoplanktoni, baadhi ya fitoplanktoni hutoa dimethili salfaidi, gesi hiyo hugeuka kuwa asidi angani, na asidi huyeyusha chuma zaidi.

Vipimo vilivyofuata viliweka mipaka ya maelezo hayo. Katika Bahari ya Arabuni, ambako pepo za kusi na kaskazi hubadilisha kabisa chanzo cha hewa kwa mwaka, Ronald Siefert na wenzake walichapisha mwaka 1999 uchunguzi wa chembe zilizokusanywa wakati wa kusi na katika kipindi cha mpito. Chuma(II) kinachoyeyuka kilikuwa sehemu ndogo tu ya chuma chote. Kwa hiyo matokeo ya Pasifiki hayakuweza kuchukuliwa kuwa kanuni ya bahari zote. Mwaka 2003 Nicholas Meskhidze na wenzake waliongeza hoja ya chokaa: vumbi la Asia lenye kalsiamu kaboneti huzimua asidi, na chuma hakianzi kuyeyuka kwa wingi mpaka kinga hiyo iishe. Mwaka 2006 Alex Baker na Jickells walionyesha umuhimu wa ukubwa wa chembe. Chembe kubwa huanguka mapema. Zinazobaki ni ndogo, zenye uso mpana zaidi kwa kulinganisha na uzito wake, na kwa hiyo huachia asilimia kubwa zaidi ya chuma.

Safari haiishii katika maji. Chuma(II) kinapoingia katika maji ya bahari yenye joto, huungana na oksijeni katika muda wa dakika chache na kurudi kuwa chuma(III). Kisingeweza kubaki majini kama kisingeshikwa na molekuli za kikaboni. Mwaka 1994 Martha Gledhill na Stan van den Berg, na mwaka 1995 Eden Rue na Bruland, walionyesha kwamba karibu chuma chote kilichoyeyuka baharini, zaidi ya asilimia 99, kimeshikwa na viambata vya aina hiyo. Wasiwasi wa Harvey wa mwaka 1937 ukapata jibu: hesabu yake kuhusu chuma huru ilikuwa sahihi, lakini bahari ina njia ya kukihifadhi chuma ambayo wakati huo haikuweza kupimwa.

Majaribio ya Baharini na Mipaka Yake

Martin alifariki Juni 1993, miezi michache kabla ya jaribio alilolipigania. Oktoba mwaka huo, kusini mwa visiwa vya Galápagos, takriban kilo 450 za chuma zilimwagwa katika eneo la kilomita za mraba 64. Jaribio la pili, mwaka 1995, liliongeza klorofili kwa zaidi ya mara 20. Februari 1999 jaribio la kwanza lilifanyika katika Bahari ya Kusini. Hadi mwaka 2005 majaribio 12 yalikuwa yamekwisha kufanyika, na swali la Gran lilikuwa limejibiwa: katika maji hayo chuma kweli ndicho kinachozuia ukuaji.

Hata hivyo, majaribio hayo yalitumia salfeti ya chuma(II) iliyoyeyushwa katika maji yenye asidi. Yaani yaliiruka hatua yote ya angani. Yalithibitisha kwamba chuma kilichoyeyuka hurutubisha. Hayakuthibitisha kiasi cha vumbi kinachohitajika, wala hatima ya kaboni iliyofyonzwa. Juu ya hatima hiyo matokeo yalitofautiana. Jaribio la EIFEX la mwaka 2004, lililochapishwa mwaka 2012 na Victor Smetacek na wenzake, lilionyesha kwamba angalau nusu ya vimea vilivyostawi vilizama chini ya mita 1,000. Katika jaribio la LOHAFEX la mwaka 2009, la Ujerumani na India, maji yalikuwa na silika kidogo, diatomu hazikustawi, wanyama wadogo walikula vimea, na kaboni iliyozama ilikuwa kidogo.

Kutofautiana huko ndiko kulikotoa nguvu kwa hoja ya tahadhari. Mwaka 2008 nchi wanachama wa Mkataba na Itifaki ya London kuhusu utupaji wa taka baharini ziliamua kwamba urutubishaji wa bahari usio wa utafiti halali usiruhusiwe. Mwaka 2012 takriban tani 100 za salfeti ya chuma zilimwagwa magharibi mwa visiwa vya Haida Gwaii, Kanada, na tukio hilo likazua mjadala wa kimataifa. Mwaka uliofuata Itifaki ilifanyiwa marekebisho ili kuweka udhibiti wa kisheria.

Kuhusu enzi za barafu, ushahidi uliofuata uliiunga mkono nadharia ya Martin kwa kiasi fulani. Mwaka 2014 Alfredo Martínez-García na wenzake walitumia naitrojeni iliyohifadhiwa katika magamba ya foraminifera kuonyesha kwamba, katika ukanda wa kaskazini wa Bahari ya Kusini, virutubisho vilitumiwa kikamilifu zaidi vumbi lilipoongezeka. Athari hiyo inaeleza kushuka kwa kaboni dayoksaidi kwa hadi sehemu 40 kwa milioni, ambayo ni takriban nusu ya mabadiliko yote. Iliyobaki inahitaji sababu nyingine.

Moshi kama Chanzo cha Chuma

Wakati mjadala wa kumwaga chuma kwa makusudi ukiendelea, ilibainika kwamba binadamu amekuwa akikipeleka baharini bila kukusudia. Mwaka 2007 Peter Sedwick, Edward Sholkovitz na Thomas Church walitoa matokeo ya hewa ya Bermuda: hewa iliyotoka Amerika ya Kaskazini ilikuwa na chuma kidogo kuliko hewa ya Sahara, lakini asilimia iliyoyeyuka ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 2009 Andrew Schroth na wenzake walieleza sababu. Katika majivu ya mafuta mazito, chuma kipo kwa sehemu kubwa katika umbo la salfeti, na zaidi ya robo tatu yake huyeyuka, tofauti na udongo wa majangwa. Hivyo kiasi kidogo cha moshi kinaweza kulingana na kiasi kikubwa cha vumbi.

Ugunduzi huo hauondoi nafasi ya majangwa. Mwaka 2014 Tim Conway na Seth John, kwa kutumia isotopu za chuma, walikadiria kwamba vumbi la Sahara hutoa asilimia 71 hadi 87 ya chuma kilichoyeyuka katika Atlantiki ya Kaskazini. Mwaka 2021 watafiti walihusisha mstawi mkubwa wa fitoplanktoni katika Bahari ya Kusini na moshi wa moto wa misitu ya Australia wa 2019–2020. Aidha, tangu tarehe 1 Januari 2020 kiwango cha juu cha salfa katika mafuta ya meli kimeshushwa kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Hatua hiyo ililenga afya ya binadamu. Kwa mantiki ya kemia iliyoelezwa hapo juu, inagusa pia asidi inayoyeyusha vumbi na chuma kinachotoka katika mabomba ya moshi.

Hitimisho

Katika kipindi kilichochunguzwa, swali kuhusu vumbi la bahari limebadilika mara tatu. Kwa Darwin na Ehrenberg lilikuwa swali la asili na umbali. Kwa Martin lilikuwa swali la wingi. Kwa wanakemia wa angahewa lilikuwa swali la mabadiliko: asidi, mwanga, ukubwa wa chembe na viambata vya kikaboni ndivyo vinavyoamua thamani ya chuma kabla hakijagusa maji. Makosa makubwa ya historia hii yana asili moja. Waliopima kutu ya meli waliona chuma kingi ambacho bahari haikuwa nacho. Waliohesabu tani za vumbi walihesabu chuma kingi ambacho bahari isingeweza kukitumia.

Kutokana na hayo, pendekezo lolote la kurekebisha hali ya hewa kwa kurutubisha bahari halina budi kupimwa kwa vigezo viwili tofauti: kiasi cha chuma kinachobaki katika umbo linalotumika, na kiasi cha kaboni kinachozama na kudumu vilindini. Majaribio yaliyofanyika yamejibu vizuri kuhusu ukuaji wa vimea, na kwa uchache tu kuhusu kuzama kwa kaboni. Wakati huohuo, sera za nishati, usafi wa hewa na misitu zinaendelea kubadilisha chuma kinachoangukia bahari bila kuitwa urutubishaji.